Upande wa Wateja

Jumatatu, 11 Agosti
Nimefungua duka saa mbili. Vitenge vya nta mbele, vya kawaida nyuma. Mteja wa kwanza mama wa Lubumbashi, nikampunguzia, ndiyo kufungua biashara.

Furaha kapita saa nne, kakaa kwenye kigoda chake. Mpangaji wangu, Mkongo. Kamaliza shahada ya uhasibu mwezi uliopita. Miaka yote ya chuo kaishi chumba cha uani kwangu Ilala na sijawahi kusikia mlango wake ukibamizwa.

Kibali chake cha mwanafunzi kinaisha mwisho wa mwezi huu. Jana kanieleza njia zake. Apate mwajiri wa kumwombea kibali cha kazi, na mwajiri huyo aeleze kwa nini hakumpata Mtanzania. Au afungue kampuni yake, mtaji wake wa matajiri. Au arudi kwao. Ya kwanza ameianza. Bwana Harish wa Upanga, anayesafirisha mizigo ya Kariakoo kwenda Kongo, anataka mhasibu wa Kifaransa na Kiswahili. Maombi yamepelekwa. Majibu bado.

Anaeleza bila kulalamika. Mimi ningekuwa nimeshalia.

Jumatano, 13 Agosti
Leo kanitia hasira. Duka limejaa, wateja wa Kongo watupu. Nikamnyooshea rula. "Furaha, hebu mpimie dada yako huyu."

Akaweka mikono nyuma kana kwamba rula ina moto. "Mama, sina kibali."

Nikamwambia kupima kitambaa si kazi, ni msaada.

"Msaada ni huku nilipo, mama. Huko ndani ya kaunta ni kazi."

Salum, jirani yangu wa mashuka, akacheka mpaka akapaliwa. "Mama Zuhura, umefuga hakimu!"

Nimeona aibu. Mtoto nampikia, halafu ananikatalia mbele za watu.

Ijumaa, 15 Agosti
Mtaani kwetu mtu akienda kuswali, aliyebaki anamshikia duka. Hatuombani. Ijumaa Salum naye anaenda. Nikaacha funguo juu ya kaunta, nikamwambia Furaha narudi, nikaondoka.

Nimerudi nimemkuta kwenye kigoda palepale, upande wa wateja. Kitambaa hakijaguswa. Kila aliyekuja kamwambia, "Mwenyewe anarudi sasa hivi, mngoje." Wengine walingoja. Wengine wakavuka barabara.

Nikafoka. Nilimuuliza faida ya kukaa naye miaka yote hiyo ni ipi. Macho yalimjaa maji.

Chakula cha jioni tumekula. Kaosha vyombo kama kawaida.

Jumanne, 19 Agosti
Maofisa wa Uhamiaji wamepita. Siku hizi wageni wamekatazwa biashara za rejareja na ukaguzi unakuja tu. Furaha alikuwa kwenye kigoda anakula mihogo.

"Wewe, unauza hapa?"

Akasimama. Akafuta mikono. Akatoa pasipoti kwa mikono miwili. "Siuzi, afande. Huyu ni mama mwenye nyumba wangu."

Sauti haikutetemeka.

Afande akamgeukia Salum. "Eti kweli?"

"Wallahi, mpaka anakera! Tukienda kuswali tunamwomba atushikie duka, hataki. Ijumaa hapa kawapoteza wateja, mwenye duka nusura amfukuze."

Hata afande alicheka. Akamrudishia pasipoti.

Duka la tatu kutoka kwangu wamemchukua kijana wa Kizambia. Alikuwa nyuma ya kaunta. Anamshikia rafiki yake tu. Nilimsikia akisema hivyo mpaka anapanda gari. Namshikia tu, namshikia tu.

Ningemponza mimi. Kwa rula yangu na funguo zangu. Nimemwomba radhi Furaha jikoni. Kasema, "Yameisha, mama," akaendelea kumenya vitunguu.

Nimeishi na watu wengi. Mwenye msimamo kama huyu sijamwona. Angeweza kunifurahisha kwa dakika chache tu, akakataa, nikamnunia, na bado akaosha vyombo.

Alhamisi, 21 Agosti
Bado. Bwana Harish anasema tusubiri. Furaha kaanza kufunga vitabu kwenye boksi. Nikamuuliza kwani kuna watu wangapi wanaobaki kimyakimya, nani atamjua humu Kariakoo. Kasema akiondoka ataondoka kwa mlango alioingilia, na siku akirudi aingie kwa mlango huohuo.

Nikamtafutia kamba ya kufungia boksi.

Jumatano, 27 Agosti
Bado. Kafua mapazia ya chumba, kayarudisha. Begi liko mlangoni. Leo sijapita uani.

Ijumaa, 29 Agosti
Kimetoka! Cha kazi na cha ukaaji, vyote. Bwana Harish kapiga simu nikiwa nakata kitenge, nikakata kombo. Mteja hakununa, kapiga vigelegele nasi. Furaha kajifunika uso kwa mikono. "Minafurahi, mama, minafurahi." Kiswahili cha kwao kikamrudia chote. Salum kagawa soda mtaa mzima.

Nikamwambia, haya, sasa utanishikia duka. Akacheka huku anafuta machozi. Kasema hapana, kibali kinamtaja Bwana Harish, na kazi ya uhasibu. Basi.

Jumamosi, 6 Septemba
Wateja wachache. Furaha kaja mchana akitoka ofisini, viatu vimemchubua kisigino. Anataka kitenge cha kushonea nguo ya kazi. Kachagua cha buluu.

Kwa utani nikamnyooshea rula, ajipimie mwenyewe.

Akaweka mikono nyuma.

Nikampimia mimi. Nilipofika mwisho nilisogeza mkasi mbele kidogo, nimzidishie, ndipo nikakata.