Kichwa Kimoja, Mafuta Mawili

Jumatatu, 25 Mei 1953

Ukungu tangu asubuhi. Migomba inadondosha maji hata mvua ikikatika. Eliufoo sasa ana miezi minane na kichwa chake bado kina ukoko — wa manjano, mnene, umeshika utosini kama wali ulioungulia sufuriani. Watoto wengine huwatoka kabla hawajajua kukaa. Wake umehamia. Umejenga.

Kwetu Njoro, kule mjini, angenyolewa siku ya saba na neno lingekwisha. Hapa Kirua mlimani wembe haugusi kichwa cha mjukuu mpaka bibi yake aseme. Bibi hajasema. Bibi, yaani mama mkwe wangu Eliona, husema machache, na hayo machache huyasema kwa Kichagga. Wanadhani sisikii. Nasikia nusu. Nusu nyingine najaza mwenyewe, na mara nyingi ya kwangu ndiyo tamu zaidi.

Aminieli yuko Tanga kwenye mkonge. Nina mume wa Krismasi.

Alhamisi, 28 Mei

Jana sokoni nilimkuta mama yangu, kapanda kutoka mjini na chupa ya mafuta ya nazi. Akasema paka, acha yalainishe, usichokoe kwa kucha. Akauliza kama nina watu wa kuongea nao huku. Nikasema ninao. Sikusema kuwa ni Eliufoo na mbuzi.

Nimeanza leo mchana, mama mkwe akiwa kwenye kahawa. Kwa siri — maana ana neno lake juu ya mafuta ya mjini. Alimwambia wifi Martha, mimi nikimenya ndizi hapo hapo, kwamba mtoto anayepakwa vitu vya dukani hunuka duka. Nikaendelea kumenya. Uso wangu niliufanya wa mtu asiyejua Kichagga. Nimeuzoea, unanikaa vizuri.

Jumanne, 2 Juni

Leo Malkia anavishwa taji huko Uingereza. Watoto wa shule wamepita na bendera za karatasi — zimelowa, rangi inawashuka mikononi mpaka kwenye viwiko. Mwanangu amevaa taji lake tangu mwaka jana. Hakuna aliyempigia bendi.

Lakini kuna jambo. Jana jioni nilimpaka nazi. Asubuhi narudi kutoka mferejini na maji, nainama kumbusu — siagi! Siagi ya ng'ombe, ile ya kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi. Nikaosha yote kwa sabuni ya kufulia. Nikapaka nazi upya.

Kisha nikakaa nikafikiri. Nikienda mferejini mama mkwe huja kumshika mtoto. Kumbe na yeye! Na kama mimi nanusa siagi, yeye naye ana pua. Bila shaka huiosha nazi yangu kwanza, ndipo apake yake. Shamba moja, wakulima wawili, kila mmoja anang'oa alichopanda mwenzake. Wala hatuambiani. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mtoto kalala?" "Kalala." Tunaagana kwa adabu, vidole vyetu vinang'aa.

Ijumaa, 5 Juni

Nyuma ya sikio ngozi imechubuka. Nyekundu, inatoa maji. Nimeshuka naye dispensari. Dresa wa pale, Primus, mfunga vidonda, alikigeuza kichwa taratibu kama mtu anayechagua papai.

"Mnampaka nini?"

Nazi.

"Na nini tena?"

Siagi.

"Mnaosha kwa kitu gani?"

Nilipotaja sabuni ya kufulia alifumba macho. Akasema ukoko wenyewe si ugonjwa, ni mafuta ya ngozi yake yamegandamana, huondoka kwa subira. Kidonda ndicho tulichomletea sisi. Akanipa marhamu nyeupe ya pale palipochubuka. Kwenye ukoko, mafuta kidogo yenye uvuguvugu, yakae, halafu kitana laini na maji ya vuguvugu. Kitu kimoja, mkono mmoja.

Nikauliza: mkono wa nani? Akacheka, akaita mgonjwa mwingine. Dawa hiyo haimo kabatini mwake.

Nilirudi nimeazimia kumwambia mama mkwe. Nilifanya mazoezi mlima mzima, kwa Kichagga, mpaka mpita njia akanipisha. Nikamkuta anakamua. Nikasema: shikamoo mama.

Basi. Hayo ndiyo yaliyotoka.

Jumapili, 7 Juni

Mimi hubaki nyumbani wakienda kanisani. Mimi ni mtoto wa Mswahili wa Njoro, Mwislamu, ndoa ya bomani — hakuna aliyenikataza, hakuna aliyenikaribisha. Mama mkwe alikwenda na Eliufoo mgongoni, kichwa kimefungwa kitambaa. Katikati ya wimbo kitambaa kikafunguka.

Wifi Martha alinieleza kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno. "Wameuliza kama huyu mtoto ana mama." Akavua viatu vyake vya kanisani, akavitazama. "Nikawaambia anaye, anasoma magazeti."

Ni kweli nasoma. Baba ni fundi cherehani. Patani zake, vile vipimo vya nguo, hukatia kwenye magazeti, na mimi nilijifunza kusoma kwa vipande vilivyoanguka chini ya meza. Ndiyo maana habari nyingi ninazozijua zina tundu la kwapa.

Kisha mama mkwe naye akasema kwa Kiswahili. Hapo nikajua ni zito.

"Sophia. Mtoto atalala kwangu mpaka kichwa kitakate."

Hakufoka. Angefoka ningepata pa kushika. Nikasema: mama, bado ananyonya. Akasema: utakuja kunyonyesha. Akambeba. Wifi akakusanya nepi, marhamu, na ile chupa ya nazi — kwa vidole viwili, kama panya mfu.

Nyumba ya mama mkwe iko ng'ambo ya migomba. Tangu awe mjane analala peke yake mle. Mtu akikohoa kule nasikia huku. Namsikia na mwanangu. Akilia, maziwa yananitoka yenyewe, gauni linalowa. Mwili haujaambiwa kwamba amehama.

Jumatatu, 8 Juni

Kitanda kipana. Nimekunja nguo zake zote. Kisha nikazikunjua, nipate la kufanya.

Jumanne, 9 Juni

Nimekwenda kunyonyesha. Nilipewa mtoto akiwa amefungwa kilemba hadi kwenye nyusi, kama shehe mdogo. Nikakigusa. "Acha," akasema mama mkwe, "kina dawa." Nikaacha. Sikunusa kitu ila moshi wa jikoni.

Nimetafakari njia nzima, ingawa njia ni fupi. Kichwa kikipona, watasema bibi ndiye aliyemponya, na mtoto abaki kwa aliyemponya. Kisipopona — basi bado hakijatakata, abaki vilevile. Nimeigeuza hesabu hiyo huku na huku kama gauni. Haina mahali pa kutolea kichwa.

Ningekuwa kwetu ningemwambia mtu. Nimemwambia mbuzi. Ametafuna.

Jumatano, 10 Juni

Leo nilikwenda kabla ya wakati wangu. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Alikuwa anapaka. Si siagi! Chupa yangu ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe la jiko ipate uvuguvugu. Anachovya ncha ya kidole, anapaka, na kila akikaribia kidonda anapuliza. Huku akimwambia Eliufoo, kwa Kichagga, kwamba mama yake ana kiburi, hasemi neno, na kwamba bibi yake ni vilevile, ndiyo maana mtoto wa watu amechubuka. Nilisikia yote. Hakuna nusu niliyojaza.

Adabu ilikuwa nirudi nyuma, nikohoe, nimpe muda wa kuficha chupa. Nilisimama tu. Akaniona.

Hakuficha. Akasema alikwenda mwenyewe kwa yule dresa juzi, amegombezwa kama msichana. "Siagi inachubua," akasema, kama anayenipa habari za ng'ombe wa jirani. Akachovya tena. "Wale wa kanisani nimewaambia ni siagi."

Nikasema: "Ni siagi, mama."

Kitu kikapita usoni pake — sijui kama ni kicheko, sijawahi kukiona chake nikakilinganisha. "Ingia. Funga mlango, baridi. Mshike kichwa."

Nikamshika. Akapitisha kitana. Gamba likainuka ukingoni, jembamba kama ganda la kitunguu, na chini yake ngozi mpya, laini kabisa. Sote tukaacha. Hakuna aliyetaka kulivuta.

Nikauliza: mama, arudi lini?

Akasema kichwa bado.

Nikasema ni kweli, bado.

Akafunga chupa. Akasema nyumba ya mtu mmoja ina baridi mbaya. Sikuelewa anasema nyumba ipi, yake au yangu.

Sasa Eliufoo amelala. Kichwa kwenye paja langu, miguu kwenye la bibi yake. Naandika kwa mkono mmoja. Bibi ameuliza naandika nini. Nimesema dawa, nisisahau. Mvua imeanza. Ng'ombe analia kukamuliwa — mama mkwe anamsikia, mimi namsikia. Kwangu nimeacha maharage motoni. Atakayesogea kwanza atamwamsha mtoto.

Hakuna anayesogea.