Mijohoro ya Shamba la Kuazima

Jumapili, 1 Desemba 1996
Tumemaliza kupanda. Miche yote ya mijohoro ya kikundi chetu cha akina mama imetoka kwenye viriba vya plastiki, imeingia ardhini, kuzunguka shamba letu lote hapa Magamba. Mgongo umekufa. Gaspar, bwana miti, alisema tuanzie kwangu ili wengine waige – miaka michache tu, kuni unachukua mpakani kwako, pori linapumzika. Nimefurahi kama mjinga. Kwetu Shinyanga miti iliisha mpaka tukapikia mavi ya ng'ombe. Ndiyo maana tulihama. Sitaki mwanangu Sikujua ayaone hayo.

Jumanne, 3 Desemba
Mvua nzuri. Mche mmoja umeliwa na mbuzi wa mama mkwe. Nikamwambia amfunge. Kasema mbuzi hajahudhuria semina ya Gaspar. Nimemfunga mwenyewe.

Alhamisi, 5 Desemba
Mzee Lyamba amekuja. Ndiye aliyetuazima shamba hili tulipofika na ng'ombe wetu, kwa moyo wake tu. Nikamwekea kigoda, hakukaa. Akazunguka mpaka wote, anagusa miche kwa fimbo. Akauliza Malale yuko wapi. Nikamwambia mume wangu yuko machungani. Akaondoka, uji nimeshaukoroga. Labda mguu unamsumbua.

Ijumaa, 6 Desemba
Heri ningebaki na habari ya mguu.
Asubuhi kaja Esteria, mke wa Lyamba, mwenzangu wa kikundi, kajifunika kanga mpaka puani. Kumbe hapa kwao aliyeazimwa shamba analima mahindi, karanga, maharage – vitu vya msimu. Hata muhogo anaomba kwanza. Mti hapandi. Anayepanda mti amesema ardhi ni yake. Wazee wakikaa kuamua ugomvi wa shamba wanauliza kwanza mti kapanda nani.
Na mimi nimezungusha shamba zima. Kwa nyimbo na vigelegele.
Nikamuuliza, si tulipanda wote, mbona hukusema? Akasema alidhani Malale ameshaomba akakubaliwa. Yeye mwanamke angeulizaje mambo ya ardhi. Nilijikasirikia mwenyewe, halafu Gaspar, halafu nikamkasirikia tena yeye.

Jumapili, 8 Desemba
Tumekwenda kuomba radhi, mimi na Malale, tumebeba jogoo. Malale alipiga magoti. Nikasema: baba, miti ni yako, nimekupandia wewe, ikikua ukate, uuze, unavyotaka.
Mzee hakupaza sauti. Angegomba ningepumua. Alisema binti yangu, najua huna hila. Ila yeye atakufa, Malale naye atakufa, na Sikujua atawaambia wajukuu miti hii alipanda mama. Wanawe yeye watajibu nini? Kwa hiyo ing'olewe wiki hii, na aing'oe aliyeipanda, mbele ya watu. La sivyo tuvune mahindi haya, tuondoke.
Jogoo alimpokea. Njia nzima Malale hakunisemesha.

Jumatano, 11 Desemba
Nimeng'oa.
Inatoka kirahisi, mizizi bado ina umbo la kiriba. Mingine ilishatoa majani mapya. Lyamba alisimama na wazee wenzake. Akina mama wa kikundi nao walikuja. Nilidhani wamekuja kunisaidia, kumbe kutazama. Vénérande akaanza kulia. Nikamwambia akalilie kwake.
Miche nikaiweka kwenye beseni la matope, nikauliza nani aichukue akapande kwake. Kimya. Ndipo akili ikanijia. Vénérande ameazimwa shamba. Nyanzala ameazimwa. Minza, Kija, wote. Kikundi kizima cha kupanda miti hakuna mwenye pa kupanda mti! Gaspar hakutuuliza, na sisi hatukujiuliza. Labda Esteria – na mumewe alikuwa pale pale na fimbo yake.

Ijumaa, 13 Desemba
Miche imesinyaa. Nimeimwagia maji, sijui ya nini. Ugali nasonga, kula siwezi. Gaspar kapita na baiskeli, akaona mashimo, akauliza ni mchwa? Nimekata tamaa kabisa.

Jumamosi, 14 Desemba
Malale kanisemesha, na kwa furaha. Amepata ardhi. Ya kwetu, si ya kuazima. Ng'ambo ya mto, kwenye pori la mininga, huko ndugu yake Yohani ameshaingia. Anasema kule ukifyeka ni kwako. Unapoishia kukata ndipo mpaka wako.
Nikamuuliza tutakata mpaka wapi. Akasema mpaka nguvu ziishe, tena tuwahi kabla wengine hawajafika. Halafu akanishika bega: kule mke wangu utapanda mijohoro yako mpaka uchoke, hakuna wa kukuuliza.
Alikuwa ananibembeleza. Namjua, anasema kwa upendo.
Sasa yuko uani na mashoka. Ananiita nikammwagie maji kwenye jiwe la kunolea. Nimeitika. Bado nimekaa. Ananiita tena