Sanamu Yenye Kitambi

Mirdif, Dubai
Jumatatu

Kwako dada Fortunate,

Shikamoo dada. Habari za afya yako, na Mama, na wanao? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto la huku halina huruma, na madam naye ni vilevile. Nakuandikia kwa kalamu kama tulivyozoea Bukoba, kwa sababu kwenye kundi letu la simu yumo Baba Mdogo Hudson, na haya si ya macho yake. Agneta, anayefanya kazi nyumba ya jirani, anakuja likizo. Atakukabidhi mkononi.

Jana nilipewa ruhusa nikaenda Al Garhoud, ambako chama chetu cha watu wa nyumbani kilikodi ukumbi wa hoteli tutazame kwa video ukutani uzinduzi wa sanamu ya Baba huko kwetu. Ashiraf, mwenyekiti wetu, ambaye mwaka mzima hajui hata jina langu, alinishika mkono akanitangaza kuwa binti wa Mchungaji Mwanamapinduzi. Kisha akanirudisha kiti cha nyuma, maana vya mbele alikuwa amewawekea matajiri wake. Akahutubu kwamba Baba alivua kola ya uchungaji akashika bunduki kwa ajili yetu sote. Watu wakapiga makofi huku wanatafuna sambusa.

Najua wewe hukuona lolote, kwa kuwa walikuweka jikoni upikie wageni. Basi nikusimulie. Kwanza askofu aliibariki sanamu. Kanisa lilelile, dada! Baba alipoingia msituni lilifuta jina lake, likamtoa Mama katika nyumba ya mchungaji, wewe umeshika upindo wa kanga yake na mimi niko mgongoni, tukavuka mpaka kwenda kulelewa kwa wajomba Bukoba. Alipouawa hawakumpigia hata ngoma ya msiba. Leo amekuwa mtu wao.

Na Baba Mdogo je? Alisimama ibadani akaapa kwamba hana ndugu mwasi, akachoma kanzu na picha zote za Baba uani zisije zikamponza. Leo ndiye mkuu wa kamati ya sanamu. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Pazia lilipoanguka, soda ilinipalia. Biblia mkono huu, bunduki mkono ule, sawa. Lakini ile taya! Lile bega la kushoto lililolala! Na kitambi, dada. Baba aliyekula mizizi porini ameota kitambi! Ni Hudson mtupu, kapandishwa juu ya jiwe. Kumbe, kama alivyojisifu baadaye kwenye kundi, mchongaji alikosa picha, naye akajitolea kukaa achongwe yeye, eti ndugu hufanana. Hana haya huyu mzee.

Nilicheka peke yangu mpaka Mama alipopandishwa jukwaani. Unajua alikuwa anangoja kitu kimoja tu, auone tena uso wa mumewe kabla mtoto wa jicho hajamziba macho. Akasogea, akatazama, akaipapasa ile taya, akasema kwenye kipaza sauti kwamba huyu si mume wake. Mshereheshaji akampokonya kipaza, akatangaza kuwa bibi amezidiwa na furaha. Ukumbini kwetu wakashangilia. Nilimwita Ashiraf mpumbavu mbele ya matajiri wake, nikaondoka.

Leo asubuhi nimempigia Mama. Hakumlaumu mtu. Aliniambia pengine ni yeye aliyesahau, kwani miaka arobaini ni mingi, na watu wenye elimu wote wale hawawezi kukosea. Nimelia, dada. Walimnyang'anya nyumba, sasa wanamnyang'anya hata sura aliyoitunza moyoni.

Sasa nisikilize. Picha moja haikuungua. Shangazi Lillian aliichomoa motoni akaificha, na likizo iliyopita, kabla hajafariki, alinipa nimpe Mama. Sikumpa. Mama anaishi uani kwa Hudson, na nilijua ingefika kwenye kamati kabla jua halijazama. Walipoomba picha nikanyamaza, na kwa ajili yao sijuti hata chembe. Walimchoma wenyewe, wakae na majivu yao. Kwa Mama tu ndiko ninakoumia. Nilidhani namlinda Baba, kumbe namnyima Mama mumewe.

Sanamu waiache hapo hapo. Mvua imnyeshee Hudson, na korongo wamfanyie wapendavyo.

Picha imo humu ndani ya bahasha. Ncha moja imeungua. Baba kavaa kola yake, kanipakata mimi mchanga, anacheka mwanya wote nje. Mpeleke Mama dirishani asubuhi, palipo na mwanga, Hudson akiwa ametoka, umwekee mkononi. Usimwambie ni nani. Mwache akuambie yeye.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wote waliokataa kwenda kupiga makofi. Mama mpe shikamoo yangu, ila baada ya picha, si kabla.

Ni mimi mdogo wako,
Jovia