Koti la marehemu

Mwenzangu, bado siamini. Natoka sasa hivi kwenye ile shule ya kimataifa ya utafiti wa mwanga, alikokuwa akisoma mdogo wangu. Nilifuata koti la maabara la marehemu.

Nimekuta mwanafunzi amelivaa!

Profesa wao hata hakushtuka. "Subiri amalize kipimo." Wakazima taa, nikasimama gizani.

Machozi yakanitoka. Unajua huyo Profesa aliniambia nini? "Dada, kalilie nje. Unyevu wa pumzi zako unatuharibia kipimo."

Unyevu wa pumzi zangu! Na wenzake wakacheka.

Nikangoja koridoni mpaka yule mwanafunzi akatoka, akalivua. "Pole, dada. Lilikuwa linaning'inia tu."

Lilikuwa na joto, mwenzangu. Nililikumbatia kabla sijakumbuka ni joto la nani.