Utando Uliojiponya

Jumapili, mtaa wa Mowlem. Manyunyu yasiyoamua kuwa mvua. Nguo za wapangaji wa ploti nzima zimeanikwa na kuanuliwa mara tatu tangu asubuhi.

Leo nilinyamaza mahali ambapo ningeweza kubishana. Wanaonijua hawataamini.

Kesho saa sita mchana ndio mwisho wa kutuma maombi kwa mfuko wa umma wa uvumbuzi. Mfuko huu hutoa fedha kwa awamu: kwanza uthibitishe kwamba wazo lako lina uhai, kisha uunde kifaa, kisha ukijaribu kwa watu. Kila awamu ina lango, na anayeshindwa langoni hurudi kwao. Marafiki hunicheka. Husema serikali yenye akili haiweki fedha katika jambo linaloweza kuanguka. Nimewajibu mara nyingi, pengine kwa ukali kupita kiasi: mfanyabiashara hupita njia iliyokwisha kufyekwa, basi nani afyeke?

Wazo langu ni utando mwembamba wa kuchuja floraidi, madini yanayoharibu meno, katika maji ya visima. Sikulitoa vitabuni. Mama alikulia Bonde la Ufa, akanywa maji ya kisima utoto wake wote, na meno yake yakageuka kahawia. Hadi leo akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Niliujua mkono ule kabla sijajua kusoma.

Kwa wiki tatu nimekuwa nikichuja maji ya chumvi ya kisima cha ploti yetu. Mchana mimi hufundisha hisabati. Mama, ambaye hushona sare za shule hapa nyumbani, hunijazia mtungi. Siku ya saba floraidi ilianza kupenya. Siku ya tisa ilipenya zaidi. Siku ya kumi ikatoweka, wala haikurudi tena.

Nikajenga nadharia. Utando wangu, niliandika, hujiponya wenyewe. Kurasa nne nzima, zenye michoro. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya maombi yangu.

Leo, baada ya chakula cha mchana, nilifika kwenye kisanduku cha fomu kinachouliza chanzo cha maji. Kwa kutimiza utaratibu tu, nilimuuliza Mama kama yote yalitoka kisimani.

"Yale ya kwanza," akasema, macho yakiwa kwenye cherehani. "Halafu si pampu iliungua? Nikawa nakununulia ya mkokoteni, yale matamu. Ungefanya kazi na mtungi mtupu?"

"Lakini pampu ilitengenezwa, Mama?"

"Ilitengenezwa. Lakini ulikuwa umeanza kula vizuri, baba. Nikasema haya maji yanakufaa, nikaendelea kuyanunua."

Nilishuka ngazi kumuuliza mtunza ploti, nikitumaini Mama amekosea. "Dokta wa maji!" akacheka. "Pampu iliungua hapo karibu wiki mbili zimeisha. Buda, kwani wewe unaishi wapi?"

Utando haukujiponya. Uliponywa na Mama, mtungi baada ya mtungi.

Nilipokuwa nikipanda ngazi, maneno makali yalinijaa kinywani. Yakaishia humo, kwa sababu kila nililotaka kumwambia lilinielekea mimi. Maji yaliyoingia kwenye kichujio niliyapima siku ya kwanza tu. Kisima ni kisima, nilijiambia. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemwaibisha mbele ya darasa. Nilisoma makala za mabara matatu, nisijue kwamba nyumbani mwetu maji yamekatika.

Sikujua kwa sababu mtungi wangu haukukauka hata siku moja.

Nimezifuta kurasa nne. Kuna kisanduku kingine kinachouliza ni jambo gani litakalonifanya niusitishe mradi. Nilikuwa nimejibu: hakuna. Hebu fikiri, ninaomba fedha zilizotengwa kwa mambo ya hatari, kisha ninaapa kwamba langu halina hatari! Sasa nimeandika kwamba utando huchoka siku ya saba, kwamba sijui sababu, na kwamba awamu ya kwanza nitaitumia kuitafuta, na nisipoipata, nitasitisha. Mahali pa makosa nimeandika: mtafiti hakupima maji yaliyoingia.

Hapo sikumtaja Mama. Nimemtaja kwingine. Katika orodha ya wahusika jina langu lilikuwa peke yake, na shahada yake ikiling'ang'ania kama mkia. Chini yake sasa kuna jina la Mama: mchukuaji wa sampuli.

Alilisoma akiwa amesimama nyuma yangu. "Injinia, sasa nitashonewa koti jeupe na nani, na fundi ni mimi?" Akacheka. Sikuhitaji kugeuka kujua mkono ulikuwa wapi.

Huenda lango la kwanza lisifunguke. Nimeogopa siku nzima, na bado naogopa. Lakini asubuhi tutashuka sote wawili kisimani, kila mtu na mtungi wake, na kabla ya jambo jingine lolote nitapima maji yanayoingia.