Unga Wako na Chumvi Yangu

Lindi, Kibera,
Nairobi.
Ijumaa, 9 Mei 2025.

Mpendwa Afrah, mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baridi ya Calgary imeanza kulegea, maana kwenye picha za Idi nilikuona umevaa koti zito juu ya gurbaba, shuka letu la kujifunga. U hali gani? Mgongo umepoa? Na mumeo Usman bado anafanya kazi za zamu? Sisi tuko salama, alhamdulillahi, ila salama yenyewe ina maelezo, nayo ndiyo yaliyonikalisha chini.

Usishangae kuona karatasi. Simu yenye bando hapa nyumbani ni ya Mama, na sauti unazomtumia huzicheza mbele ya wapangaji wote, mara mbili mbili. Barua hii amekubali kukuletea Jackie, binti wa jirani, anayekuja huko kusomea uuguzi.

Nianze na kopo. Ule unga wa ketoni uliotuma Januari, ukisema wewe na wenzako mnaunywa kabla ya mazoezi, ulifika. Mama aliliweka kopo juu ya kabati, maandishi yakitazama mlango, mahali ilipokuwa tabaga niliyomsukia kwa mwaka mzima kufunikia chakula cha wageni. Tabaga ikahamia chini ya kitanda. Kila anayeingia anaambiwa, "Hii ni ya Afrah, ametuma kutoka Kanada."

Nitasema wazi, nina wivu. Ninao tangu mama yako, Mungu amrehemu, alipofariki na Mama akakuleta kwetu una miaka minne, akakupa upande wangu wa kitanda. Nilidhani ukienda mbali utapungua. Kumbe aliye mbali ndiye anayezidi kukua, sisi wa karibu tumezoeleka kama sufuria.

Miaka mitatu sasa, tangu Mama apatikane na presha, ni mimi ninayempikia bila chumvi. Ndimu, kitunguu saumu, dania, nimejaribu vyote. Yeye hula akilalamika, "Hii ni chakula ya hospitali." Halafu anakoroga vijiko viwili vya unga wako, anakunywa mpaka tone la mwisho huku uso umemkunjamana, anasema amepata nguvu. Ramadhani yote aliunywa kwenye daku ili asisikie njaa. Njaa hakuisikia kweli, lakini kiu ilimtesa mchana kutwa.

Sasa nije kwenye langu. Wiki ya mwisho ya Ramadhani nilichoka kushindwa na kopo. Nikarudisha chumvi kwenye mchuzi wa futari, kidogo tu, ncha ya vidole. Mama akamaliza sahani. Siku ya pili nikaongeza. Akasema mkono wangu umerudi, nami nikatembea Lindi nzima nikijisikia bibi harusi. Idi ikapita, nikaendelea. Nilijua ninachofanya, Afrah, usinitafutie udhuru.

Wiki mbili zilizopita miguu yake ilivimba, viatu vikakataa, kichwa kikamuuma mpaka akaona giza. Nikampeleka Kawangware kwa Wangeci, yule nesi mwenye kliniki anayempima kila mwezi. Presha ilikuwa mia moja tisini kwa mia moja kumi na tano. Wangeci alipouliza kama kuna kitu kipya anachotumia, nililitoa kopo lako kikapuni kabla hajamaliza swali. Nilikuwa nimekuja nalo makusudi. Nilitaka lishtakiwe.

Akasoma maandishi madogo ya nyuma, akatueleza. Ketoni ni kitu ambacho mwili hujitengenezea mtu akikaa bila kula, hata aliyefunga anazo. Lakini kwenye unga huo zimeshikanishwa na sodiamu, ile ile iliyo kwenye chumvi, na vijiko viwili vinakaribia chumvi yote ambayo mtu mzima anatakiwa kula kwa siku nzima. Mwenye presha asiuguse bila kumwuliza daktari. Wewe hukujua, na hakuna aliyekuuliza.

"Basi ni hii kopo," Wangeci akasema. "Chakula yenu si haina chumvi?"

Wote wawili wakanitazama. Nikajibu kwamba haina.

Mama alisema neno moja tu, kwamba Afrah asiambiwe, atajilaumu. Hata kichwa kikimpasuka alikuwa anakutunza wewe. Kutoka pale tulipelekwa hospitali, akalazwa siku tatu.

Tuliporudi nyumbani aliniita chumbani. "Mabrouka, chumvi yako niliionja siku ya kwanza," akasema. Nikamwuliza kwa nini basi alikula. "Dawa ya Afrah ni chungu, nilikunywa asisikie nimeitupa. Yako nilikula kwa sababu nilikusikia ukiimba jikoni. Ningemnyima nani?"

Hata hapo alikutaja wewe kwanza. Niliona. Lakini nililia mpaka kamasi.

Kopo halikutupwa. Ameumwaga unga uliobaki, akatia humo chumvi yote ya nyumba, akalifungia sandukuni mwake. Ufunguo ameufunga kwenye pindo la gurbaba. Juu ya kabati hakuna kitu sasa, si chako si changu.

Presha imeshuka, ingawa si sana. Kesho naenda Kawangware kumwambia Wangeci ukweli, kwa kuwa amempangia Mama dawa akiamini uongo wangu. Nawe usitume kopo lingine. Mpigie Mama Jumapili ya kwanza ukishaipata barua hii, umwambie ameze vidonge vyake kila siku bila kuruka. Mimi humwambia, lakini akisikia kwako atashika. Imeniuma kuiandika sentensi hiyo, ila nimeiandika.

Mjomba Fadlalla anakusalimu, na Mwanzia, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, ambaye kwa zile sauti zako amekuwa kama ndugu. Msalimie Usman.

Mungu akulinde na baridi, akulainishie mgongo, akurudishe tukuone Mama angali na macho ya kukutazama. Ukija utalala upande wangu wa kitanda. Safari hii nitakupa mwenyewe, bila kuambiwa.

Wako akupendaye pamoja na wivu wake,

Mabrouka