Vinundu vya Soya

Shamba la Mama Sellah,
Kakamega.
9 Juni

Kwako ndugu Phanuel,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai kazi ya kukata miwa huko Ekero haijakumaliza na kidonda cha mkono kimefunga. Mimi ni mzima, ila mgongo. Ningekupigia simu, lakini najua ningeishia kukuuliza habari za mvua.

Tangu Mama Sellah akufukuze, kazi yako na yangu naifanya peke yangu. Soya imetoa maua, majani yamekolea kijani, na Mama hajanunua hata gunia moja la mbolea. Juzi Griffin, yule afisa wa kilimo, alikuja kuikagua. Aling'oa mche mmoja akatuonyesha vinundu vilivyojaa kwenye mizizi, akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama. Alisema humo wanaishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kwamba ndio waliokuwa kwenye ule unga mweusi tuliopaka mbegu siku ya kupanda. Mmea unawapa sukari, nao wanachukua hewa ya udongoni wanaigeuza chakula cha mmea. Mama alicheka, akasema kumbe ana vibarua wengi chini kuliko juu, tena hawaombi chai. Mimi sikucheka.

Phanuel, ile mistari mitatu ya soya ambayo Mama alidai umewalisha sungura wako, niliing'oa mimi. Asubuhi ile nikipalilia, jembe liling'oa mche mmoja nikaona vinundu hivyo mizizini. Kwetu Marakwet nyanya za baba ziliota mizizini vinundu vya minyoo, shamba lote likaisha. Nikadhani ni ugonjwa ule ule, nikang'oa nikachoma nyuma ya choo ili niokoe iliyobaki. Kabla sijamwambia Mama, alikuja akipiga kelele, akikuita waziri wa sungura, nawe ukiapa hujui lolote. Ulinitazama. Niliinama nikaendelea kulima. Nilijiambia kwamba wewe kwenu ni karibu, mimi kwetu ni mbali.

Jana nilimweleza Mama. Alisema kazi yako ipo, urudi Jumatatu, na kama mimi nibaki au niende, utaamua wewe, kwa sababu ni wewe niliyekuonea. Nimeshafunga nguo zangu, ili ukifika usione haya kuniambia niende.

Nisalimie mkeo Lynette na mama yako, ukiona ninastahili kuwasalimia.

Ni mimi niliyekukosea,
Kipchirchir